Kumbukumbu ya mkuu wa shule na mwanawe: huduma zipi zinafaa, na zipi zinamsahau mtoto

Ukienda kwa mchonga mabamba ya kumbukumbu ukamwambia unataka bamba la mkuu wa shule ya kimataifa na mwanawe waliofariki pamoja, mchoro atakaokuletea utakuwa wa aina moja: jina la baba juu kwa herufi kubwa, cheo chake, miaka aliyoitumikia shule, nembo ya shule, kisha mstari wa mwisho, kwa herufi za nusu ya ukubwa, "na mwanawe mpendwa". Fundi hana ubaya, amezoea msiba wa mtu mmoja. Wala si yeye peke yake. Karibu kila huduma ya kumbukumbu inayouzwa mjini, kuanzia kitabu cha maombolezo hadi kurusha ibada mtandaoni, imekatwa kwa kipimo cha marehemu mmoja. Mkuu wa shule ana cheo, ana picha rasmi, ana hotuba kwenye tovuti. Kijana wa miaka 15 ana wanadarasa wenzake, timu ya mpira na picha za simu. Asiposimamiwa, anamezwa na baba yake, na wanaoumia kwa kumezwa huko ni watoto wenzake waliobaki darasani.

Kwa hiyo huduma zote hapa zimepimwa kwa swali hilo kwanza: je, kijana anabaki na jina lake, nafasi yake na waombolezaji wake? Mengine, yaani uimara, bei na urahisi, yanafuata.

Shule ya kimataifa ina mambo mawili yanayofanya kumbukumbu iwe ngumu zaidi kuliko shule nyingine. La kwanza, kaburi mara nyingi haliko hapa. Miili inasafirishwa kwenda kwao, na jamii ya Dar es Salaam, Arusha, Moshi au Nairobi inabaki bila mahali pa kuweka ua wala pa kumalizia matanga. La pili, watu hawakai. Walimu wengi wana mikataba ya miaka miwili au mitatu, na wazazi huhamishwa na mashirika na balozi zao. Baada ya miaka mitano, wengi wa wanaopita mbele ya bamba hawakuwahi kumwona yeyote kati ya wale wawili. Kitu kitakachowekwa lazima kiweze kumweleza mgeni.

Kitabu cha maombolezo

Ndicho cha kwanza kununuliwa na ndicho cha bei nafuu, kwa hiyo hununuliwa bila kufikiri. Kile kinachouzwa madukani, chenye jalada la ngozi bandia nyeusi na maandishi ya dhahabu, kina kasoro tatu. Kurasa zimegandishwa kwa gundi, si kushonwa. Kitabu kikilala wazi mezani mchana kutwa, mgongo unakatika siku ya pili na kurasa zinaanza kutoka moja moja. Kasoro ya pili ni mistari yenye safu za "Jina", "Cheo" na "Sahihi". Balozi anajua la kuandika hapo, lakini mtoto wa darasa la 9 anaandika jina lake anaondoka, na yale aliyotaka kusema anarudi nayo nyumbani. Ya tatu ni kwamba ni kimoja.

Piga hesabu kabla ya kununua. Shule ya watu 600, kila mmoja akiandika kwa dakika 2 tu, inahitaji dakika 1,200, yaani saa 20 za kalamu kugusa karatasi. Ni karibu siku tatu za shule bila mapumziko, na foleni haitoki. Mwanafunzi anayesubiri nusu saa huku nyuma yake kuna watu arobaini haandiki la moyoni.

Kinachofanya kazi ni hiki. Nunua vitabu viwili, vyote vimeshonwa, vyote vya ukubwa mmoja, kurasa nyeupe zisizo na mistari, karatasi ya gramu 120 ili wino usitokee upande wa pili. Kimoja cha baba, kimoja cha kijana, kila kimoja na meza yake. Cha baba kikae mapokezi, wanakofika wageni. Cha kijana kikae maktaba au karibu na kantini, wanakokaa wenzake, na pasiwe na mtu mzima anayesimama kando akisoma. Ongeza karatasi huru 200 za A5 za uzito uleule, zenye pembezoni ya sentimita 3 upande wa kushoto, wachukue wakaandikie darasani au nyumbani. Mjalidi, yaani fundi wa kushona vitabu, atazishona baadaye pamoja na kitabu. Weka kalamu za kawaida za wino mzito mweusi. Kalamu za jeli ni nzuri kwa macho, lakini kwa baadhi yake jasho la kiganja na chozi moja vinatosha kuufuta mstari mzima. Kwa watoto wa shule ya msingi weka penseli za rangi, kwa sababu wengi watachora.

Jambo moja huleta fujo kila mara: daftari la rambirambi. Katika misiba yetu lipo daftari la michango, jina na kiasi, na mhazini wake. Likiwekwa meza moja na kitabu cha maombolezo, mzazi wa kigeni ataandika aya nzima ya pole kwenye daftari la fedha, na mwingine ataandika 50,000 kwenye kitabu cha familia. Yatenganishe, meza mbali na meza, na bango juu ya kila moja.

Picha, ratiba na fulana

Hapa ndipo kijana anapopotea bila mtu kukusudia, na chanzo ni cha kiufundi. Picha ya mkuu wa shule imepigwa na mpiga picha wa shule, faili ni kubwa, inakubali bango la ukubwa wowote. Picha za kijana zinakuja kwa WhatsApp, nayo hubana picha: kwa mpangilio wa kawaida upande mrefu hubaki na nukta (pikseli) 1,600 hivi. Kwa uchapaji safi wa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni picha ya sentimita 13 na nusu. Ikivutwa kwenye bango la mita moja, uso unakuwa ukungu. Mchapaji akiona hivyo, anafanya anachojua: anaikuza picha ya baba, anaipunguza ya mtoto mpaka ikae sawa. Siku ya ibada watu wanaona baba mkubwa na kijana mdogo pembeni, na hakuna aliyeamua iwe hivyo.

Dawa yake ni siku moja ya kazi. Omba picha za kijana zitumwe kama faili au kwa barua pepe, moja kwa moja kutoka simu iliyopiga, si zilizokwisha kupita kwenye makundi matatu. Waulize walimu wa michezo na wazazi wa timu pinzani. Mara nyingi wana kamera halisi. Zikikosekana kabisa, usikuze iliyopo. Mwambie mchapaji apunguze ya baba mpaka zilingane. Bango dogo lenye nyuso mbili zinazoonekana lina heshima kuliko kubwa lenye mmoja. Na kama picha ya kijana imekatwa kutoka kwenye picha ya pamoja, lile bega la rafiki lililobaki pembeni ni la mtoto wa mtu; pata ruhusa ya mzazi au likatwe vizuri.

Kitabu cha ratiba huchapwa kwa mafungu ya kurasa nne, kwa sababu karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5. Kurasa 16 ni karatasi nne, na zinatosha. Amua mgao kabla hujaanza kukusanya maandishi: kurasa mbili wasifu wa baba, mbili wa kijana. Usipoamua, wasifu wa baba unafika kurasa tano, mtoto anapewa aya moja, na tayari ni usiku wa kuchapa. Wasifu wa kijana usiandikwe na ofisi. Mpe mwalimu wake wa darasa na wanafunzi wawili aliokaa nao, waandike alichokuwa akifanya siku za kawaida: alicheza namba ngapi, alibishana juu ya nini, aliogopa somo gani. Familia isome kwanza, kisha ichapwe kama ilivyo.

Fulana wanafunzi watazitaka, na ni zao kuzitaka. Angalia kitambaa tu. Uchapaji wa sublimesheni, ule ambao rangi inaingia ndani ya uzi, unashika kwenye poliesta nyeupe au ya rangi hafifu. Kwenye pamba unafuliwa mara mbili unapauka. Kwa pamba chukua uchapaji wa skrini ikiwa ni nyingi, au wa kubandika kwa joto ikiwa ni chache, na ukijua kwamba ule wa kubandika hupasuka ukipigwa pasi juu ya picha. Hakuna anayependa kuuona uso wa rafiki yake umepasuka. Ndiyo maana jina na namba ya jezi mgongoni ni chaguo bora kuliko picha.

Kurusha ibada mtandaoni

Kwa familia iliyotawanyika dunia nzima hii ni huduma ya lazima, na ndiyo yenye mengi ya kuharibika. Saa ndiyo ya kwanza. Ibada ya saa 4 asubuhi ya Afrika Mashariki inawakuta watu wa New York na Toronto saa 8 au 9 usiku, wamelala. Ibada ya saa 9 alasiri inawakuta wao asubuhi, London mchana, Delhi jioni, Seoul na Tokyo saa 3 usiku. Saa 9 alasiri ndiyo inayowakusanya wengi. Lakini ukiandika "saa 9" kwenye tangazo linalosomwa na wageni, mzazi aliyejifunza Kiswahili cha sokoni ataisoma kwa hesabu ya kwao na kufika asubuhi. Andika kila mara "saa 9:00 alasiri (15:00)", na kwenye tangazo la nje ya nchi orodhesha miji mitano au sita na saa zake.

Ukizungumza na watu wa kurusha, usianze na kamera. Anza na sauti. Kamera nzuri yenye sauti ya kipaza chake yenyewe, ikiwa mita 15 kutoka madhabahuni, inatoa mwangwi na kikohozi cha waliokaa nyuma. Sauti ichukuliwe kwa waya kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), na mtu mmoja avae vipokea sauti asikilize kinachotoka mtandaoni, si kinachosikika ukumbini. Pili, intaneti ya kupakia. Picha ya kiwango cha 1080 inahitaji megabiti 5 hivi kwa sekunde bila kukatika. Dai laini yenye angalau mara mbili ya hiyo, ipimwe ukumbini saa ileile ya ibada, siku moja kabla, kwa sababu asubuhi mtandao mwepesi na alasiri umejaa. Ibada ya saa mbili kwa kiwango hicho hula gigabaiti 4.5. Wawe na laini za kampuni mbili tofauti. Tatu, umeme. Jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika, na sekunde hizo zinatosha kuzima ruta na mikisa. Vyote viwili vikae kwenye betri ya akiba.

Kisha muziki. Marafiki wa kijana watataka wimbo alioupenda. Majukwaa ya video hutambua rekodi zenye hakimiliki yenyewe, na yanaweza kunyamazisha sauti au kukata matangazo katikati. Wimbo huo upigwe kwaya au bendi ya shule moja kwa moja. Hatari inapungua sana, na unapendeza zaidi. Ikibidi rekodi, iwekwe mwisho kabisa, baada ya maneno yote kwisha. Na mwambie mtengenezaji wa video ya picha, kwa maandishi, kwamba hakuna picha wala habari ya tukio la kifo itakayoingia. Wapo wanaodhani inagusa mioyo. Watoto waliomo ukumbini wanaibeba miaka.

Gharama ya huduma nzuri ni watu watatu kazini: kamera, sauti, na mmoja wa kusimamia mtandao na salamu zinazoingia. Anayekuja peke yake na simu na kijiti, mshukuru, umweke akiba.

Bamba

Wengi wanakumbuka msiba wa Kobe Bryant, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, na bintiye Gianna, aliyekuwa na miaka 13, waliofariki pamoja na watu wengine saba katika ajali ya helikopta Calabasas, California, tarehe 26 Januari 2020. Ibada kubwa ilifanyika Los Angeles tarehe 24 Februari, ambayo Wamarekani huiandika 2/24: 2 ni namba ya jezi ya Gianna, 24 ni ya baba yake. Kwa tarehe tu, mtoto akawa ameingia kwanza. Sanamu iliyozinduliwa mbele ya uwanja wa timu yake, Lakers, Februari 2024 ilikuwa ya baba peke yake, na Agosti mwaka uleule ikawekwa nyingine, amekaa na binti yake. Lakini kitako cha ile ya kwanza kina fundisho jingine. Watu walikuta majina ya wachezaji yamekosewa, Calderón ameandikwa "Calderson" na Von Wafer ameandikwa "Vom". Kama kosa linapita hapo, kwa fundi wako litapita.

Kwa hiyo: majina yatoke kwenye pasipoti, kisha familia iulizwe jina gani kijana alilitumia kweli. Kama jina lina alama kama é, ñ au ø, mwombe fundi akuonyeshe herufi hiyo kwenye kompyuta yake, kwa sababu fonti nyingi za kuchonga hazina, na mashine inaacha nafasi tupu au inaweka mraba. Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi. 4/7 kwa Mwingereza ni Julai, kwa Mmarekani ni Aprili. Mchoro uchapwe kwa ukubwa halisi kwenye karatasi, ubandikwe ukutani, usomwe kwa sauti na watu watatu, mmoja wao akiwa rafiki wa kijana. Sahihi ya kuidhinisha iwe ya mwanafamilia, si ya mhasibu.

Kuhusu vifaa, huu ndio msimamo. Shaba ya njano ni nzuri kwa macho, lakini pwani hewa ya chumvi inaifanya kuwa ya kijani ndani ya miezi, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipenda. Chuma kisichoshika kutu cha daraja 316 ndicho kinachofaa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. 304 ni cha bara, pwani kinaanza kutoa madoa ya kahawia. Graniti nyeusi ni imara kuliko vyote, hasa kwa ukuta. Akriliki na stika iliyochapwa ni za ndani ya jengo tu. Herufi zichongwe kwa kina cha angalau nusu milimita na kujazwa rangi ya enameli. Alama ya leza iliyoungua juujuu tu inaisha kwa kusuguliwa, na atakayelisugua bamba ni mtu wa usafi mwenye nia njema na poda ya kung'arishia.

Herufi za sentimita 1 zinasomeka vizuri kutoka mita 3 hivi. Skrubu ziwe za chuma kilekile cha bamba. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, moja inaliwa. Gundi peke yake haitoshi, ukuta ukipata joto kila siku bamba hudondoka.

Na mabamba yawe mawili. Ukubwa mmoja, herufi za kimo kimoja, yakae sambamba, si moja juu na jingine chini. Kwa fundi tofauti ya bei ni ndogo, kwani kazi kubwa ni kuandaa mashine. Kwenye lile la kijana andika yeye ni nani bila kumtaja baba kwanza: jina, darasa, jambo moja alilolipenda. Mgeni wa miaka kumi ijayo atawaona watu wawili.

Benchi

Kwa maoni yetu hiki ndicho kitu bora kuliko vyote, kwa sababu wanafunzi wanakitumia. Bamba husomwa mara moja, benchi hukaliwa kila siku. Mafundi wa Keko, Dar es Salaam, wanaliweza, na wa kando ya Ngong Road, Nairobi, wanaliweza, mradi uwape vipimo. Urefu sentimita 150 kwa watu watatu, kimo cha kukalia sentimita 45, kina sentimita 43 hivi, mbao za kukalia ziachane sentimita 1 ili maji ya mvua yapite. Ubao uliokaa bila nafasi hukusanya maji na kuoza kwenye viungo.

Mbao chagua mninga, mvule au mtiki. Sharti ni kiini cha mti. Ule weupe wa nje, hata wa mninga, mchwa wanaula. Fundi akiuficha kwa rangi nyeusi, geuza ubao uangalie chini. Ukavu wa mbao ndio unaowaponza wengi: mbao mbichi ikifungwa leo, baada ya miezi mitatu ndimi zinalegea na benchi linayumba. Mpe fundi kipande kimoja akipime kwenye mizani, akipime tena baada ya wiki; kikipungua uzito, bado. Miguu isizikwe ardhini. Mwaga zege la sentimita 40 kwa 40, unene wa 10, chini ya kila jozi ya miguu, na benchi lifungwe kwa bolti za milimita 10 juu ya vibao vya chuma vinavyoliinua sentimita 3. Skrubu za chuma cha kawaida kwenye mvule au mtiki huacha michirizi myeusi kama machozi. Zitumike zisizoshika kutu.

Vanishi kwa nje usikubali. Inang'aa siku ya uzinduzi, jua likiipiga inapasuka na kubanduka kama ngozi ya nyoka, na kuikwangua ni kazi ya siku nzima. Pakaza mafuta ya kitani au ya mtiki, tabaka mbili, kisha mara mbili kwa mwaka. Andika kwenye ratiba ya matengenezo ya shule, kwa sababu aliyeahidi kwa mdomo mwakani hayupo.

Mahali ni uamuzi mzito kuliko mbao. Uongozi hupenda benchi likae mbele ya utawala, lionekane na wageni. Hapo hakuna mwanafunzi atakayekaa. Liwekwe kando ya uwanja au chini ya kivuli ambako kundi la kijana lilikuwa likipumzika, na uwaulize wao wapi. Kama bajeti inaruhusu mawili, yatazamane.

Miti

Miche hufa, na mche wa kumbukumbu ukifa, watoto wanaona kama kifo cha pili. Sababu yake ni kalenda. Shule za kimataifa hufunga katikati ya Juni hadi Agosti, wakati mvua za masika zimekwisha na ardhi inakauka. Mti uliopandwa Mei kwa shangwe unakosa maji wiki nane. Panda mwanzo wa masika, Machi, au mwanzo wa vuli, Oktoba na Novemba. Hafla ifanyike siku yoyote ambayo familia inataka, lakini shimo lifuate mvua. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu utengwe na wa chini, debe moja la samadi iliyooza vizuri lichanganywe na ule wa juu, urudi kwanza. Lita 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha kwanza, na mtunza bustani alipwe rasmi kwa kazi hiyo wakati wa likizo. Kwa kila mti wa kumbukumbu kuza mche wa pili wa umri uleule kwenye kitalu, kimya kimya. Mkangazi, mkwaju na mwembe hufaa, mita 10 kutoka jengo na kutoka mmoja hadi mwingine. Miti miwili, bila shaka.

Mfuko wa ufadhili

Hapa tahadhari moja inatosha. Mfuko usitangazwe ibadani kabla akaunti haijafunguliwa na waweka sahihi kujulikana. Fedha zilizopita kwenye simu ya mtu mmoja huleta maneno hata kama ni mwaminifu. Ukitaka mfuko wa kudumu unaolipa ada kwa faida peke yake, kwa faida ya asilimia 5 kwa mwaka unahitaji mtaji wa mara 20 ya ada hiyo, na ada za shule za kimataifa mnazijua. Shule nyingi zingefanya vyema kutangaza mfuko wa miaka mitano, utumike wote, uishe kwa hesabu safi. Ufadhili ukichukua jina la baba, tengeni kiasi, hata kidogo, kwa jina la kijana na kwa kitu alichokifanya yeye: viatu vya mpira, masomo ya kuogelea kwa shule jirani, nyuzi za gitaa. Waamuzi wa matumizi yake wawe wanafunzi.

Kuna huduma moja ambayo hakuna duka linaiuza na ofisi ya shule inaweza kuifanya bure. Darasa la kijana litafika mahafali, miaka miwili au mitatu baadaye, wakati walimu nusu ni wapya. Miezi sita kabla, familia iulizwe kama inapenda jina lake lisomwe na liwekwe kwenye kitabu cha mwaka. Wakikubali, mwambieni mchapaji asiliweke ukurasa wa mwisho ndani ya fremu nyeusi. Likae kwenye nafasi yake ya alfabeti, katikati ya wale wawili waliokuwa wakiitwa kabla na baada yake kila asubuhi kwenye mahudhurio.